Walioambiwa Hawajiamini

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Chuo alinipeleka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, akafungua dirisha, akasema, "Hapa ndipo utakapowachangamsha. Vijana wetu wapole mno. Waajiri wananilalamikia."

Nilikuwa nimeajiriwa mshauri wa ajira katika chuo kimoja cha Iringa mjini. Ninyi mliozoea kushauriwa na simu, mjue kwamba kazi hiyo ilikuwa kukaa na mwanafunzi, mkatafuta pamoja kazi itakayomfaa, mkauandika wasifu wake, kisha ukamwandaa kwa usaili, yaani mahojiano ya kuombea kazi. Mkuu wangu hayo hakuwa na muda nayo. Yeye alikuwa na kambi ya kujiamini.

Kambi yenyewe ilikuwa hivi. Ukumbi unajazwa wanafunzi. Jina linaitwa bila taarifa, mwenye jina anapanda jukwaani, anapewa kipaza sauti ajinadi. Akisita, ukumbi mzima unapiga makofi na kuimba, "Changamka! Changamka!" mpaka aseme chochote. Mkuu aliiendesha mwenyewe, akicheka. Nilipomuuliza mwanafunzi anajifunza nini pale, alinijibu, "Anajifunza dunia, mama."

Katika muhula wangu wa pili aliitwa jukwaani Veneranda, binti kutoka kijiji cha Kalenga aliyekuwa akisomea maabara. Walimu wake hawakuwa na neno baya juu yake. Alipanda, akasimama, makofi yakaanza. Akawatazama wale watu kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Haikukatika. Basi akakiweka kipaza sauti mezani, akashuka ngazi, akatoka nje. Nyuma yake walimzomea.

Kesho yake Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa amemwondoa Veneranda katika mafunzo kwa vitendo, ile miezi ambayo mwanafunzi anakwenda kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi. Bila hayo mafunzo hakuna kuhitimu.

"Andika maoni yako kama mshauri," akaniambia. "Andika hajiamini, hawezi kukabiliana na wagonjwa."

"Mkuu, umemwona na mgonjwa gani?"

"Nimemwona jukwaani. Inatosha."

Nikamwambia siandiki. Niliondoka pale kwa hasira. Mtoto wa watu amesoma miaka yote ile, anafukuzwa kwa kosa la kutotaka kuchezeshwa ngoma!

Veneranda alikuwa ameshafunga mizigo akarudi kwao. Jumamosi nikamfuata. Baba yake nilimkuta shambani, ananyunyizia nyanya dawa. "Kamwene, mama," akanisalimu, akavua kofia. Nilipomweleza nilikotoka akauliza, "Kwani huyu mtoto amemtukana mtu?"

"Hapana, baba. Amenyamaza."

"Kunyamaza tu?"

"Kunyamaza tu."

Akatazama pembeni. Sijawahi kuona aibu kama ile niliyoiona mimi kwa niaba ya chuo changu.

Binti mwenyewe alitoka ndani, akanipa shikamoo, akakaa. Sikumharakisha. Baadaye akasema, "Mama, mimi siogopi watu. Nachoka nao wakiwa wengi, ila mgonjwa mmoja naongea naye vizuri tu. Wale pale ukumbini hawakutaka kunisikia. Walitaka kuniona nahangaika."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo chuo hakikuwa kimenifundisha. Mwoga anatamani kusema, anashindwa. Mkimya anasema pale anapoona pana haja. Sisi tulikuwa tumewatia wote kapu moja na kuwaita wasiojiamini.

Jumatatu tulikwenda watatu, mimi, Veneranda na baba yake, mbele ya kamati ya taaluma, wale wakufunzi wanaoamua nani aendelee. Mkuu aliongea kwa kirefu kuhusu soko la ajira. Alipomaliza nikauliza swali moja: binti huyu amevunja kanuni ipi? Wakatazamana. Mkufunzi wa maabara akasema, "Mimi nitampokea hata leo." Veneranda akarudishwa.

Mimi nikahamishwa. Taasisi iliyomiliki chuo ilikuwa na tawi Mbeya, na Mkurugenzi wake akaniambia nakwenda huko kwa maslahi ya kazi. Maslahi ya kazi ya nani, hakusema.

Nilipanga nyumba Ilomba, nikaanza upya, safari hii bila kambi. Nilifundisha watu mmojammoja. Niliwaambia waseme kwenye usaili, "Naomba nifikirie kidogo," kisha wafikirie kweli. Niliwaambia waende na visa viwili vitatu vya kazi walizofanya kwa mikono yao, wavisimulie, waache kujisifu. Na sikukubali kuwasukuma wote kwenye stoo na kompyuta eti ndiko wakimya wanakofaa. Kijana mmoja wa wafugaji wa Usangu, aliyenijibu kwa kutikisa kichwa kwa wiki nzima, alitaka uuguzi. Ni muuguzi hadi leo.

Meneja wa tawi alinilaumu. "Mama, unawadekeza."

"Nawaandaa."

"Waajiri wanatoa alama za uchangamfu."

"Hata kwa anayepima maji maabara? Maji yanataka kuchekeshwa?"

Alama hazikuondolewa. Nilistaafu nikiziacha palepale, na hilo linanichoma. Veneranda alihitimu, akaajiriwa hospitalini, lakini alinyimwa uongozi wa maabara mara mbili, wakisema haonekani kwenye vikao. Mashine zikigoma, wote walijua ni nani wa kuitwa. Mara ya tatu walimpa. Hahutubii. Kila asubuhi anapita kwa kila mtu wake, anamuuliza anahitaji nini, anamsikiliza mpaka mwisho. Waliomzomea hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi.

Sasa nimerudi Iringa, naishi Ipogolo, nafuga kuku. Nasikia ninyi vijana mnatakiwa mjirekodi video mkijinadi kabla hata ya kuitwa kwenye usaili. Kumbe kambi haijafungwa, imehamia mifukoni mwenu.

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Hata kiti hakijapata joto akaanza, "Mama mshauri, nisaidie, huyu mtoto haongei. Tumempeleka hospitali, tumempeleka kwenye maombi. Wajomba zake wanasema hivi atapata kazi gani. Nimwambie nini mie? Hebu mponye."

Nilimtazama yule binti. Alikuwa ananitazama pia, macho makavu, hajainamisha kichwa.

"Mama," nikasema, "huyu ni mzima. Umeshawahi kumuuliza kitu, ukangoja jibu?"

Mama akamgeukia binti yake, akamuuliza anapenda kazi gani. Tukangoja. Kisha binti akavuta pumzi, akaanza kusema.