Jiwe Lililonuka Kitunguu Saumu

Mimi ndiye niliyemfundisha Baba Furaha kukaanga mawe. Msinitafutie kisingizio cha vita. Vita haikunifunga mdomo, niliufunga mwenyewe!

Nilikuwa mwalimu wa elimu ya miamba, nikikaa mtaa wa Mutanga Sud. Baba Furaha na mkewe walikimbia kutoka Kongo, wakapanga chumba nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique. Mke aliuza vitenge. Mume, mchimbaji wa zamani, alikuwa amebakiwa na gunia la mawe tu. Siku moja walinijia na jiwe ndani ya kofia.

"Mwalimu, niambie kweli. Iko dhahabu ao iko uchafu?"

Ah, kuulizwa! Mimi hulewa kwa hilo bila pombe. Nikawakalisha, nikawaeleza taratibu. Zamani sana mwamba wa itale ulipasuka huko chini, maji ya moto yakapanda kwenye nyufa, yakapoa, yakaacha mshipa mweupe wa jiwe gumu liitwalo kwatzi. Dhahabu ilikuja na maji hayo, ila haikuja peke yake. Nikamwonyesha chembe za manjano, nikampa nyundo. Akapiga, zikawa unga mweusi. Uso ukamsawijika.

"Usife moyo," nikasema. "Dhahabu ukiigonga hutandazika, haisagiki. Hizo ni chuma na salfa. Sasa gonga hizi zenye rangi ya fedha."

Akagonga. Harufu ikatufikia wote.

Mama Furaha akacheka. "Bwana yangu, mawe yako inanuka kitunguu saumu! Lete majani ya sombe nipike!"

"Cheka, mama, lakini furahi," nikamwambia. "Jiwe la harufu hii mara nyingi huficha dhahabu ndani yake, ndogo hata jicho haliioni. Likaange kwa moto mkali mpaka liwe jekundu kama kutu. Litafunguka. Kisha saga, osha."

Yote hayo ni kweli. Sikilizeni sasa ambacho sikuwaambia. Harufu ile ni ya aseniki, na aseniki ni sumu. Ukilikaanga jiwe, sumu hupanda kama moshi mweupe. Nilijua! Niliwatungia wanafunzi mtihani juu yake! Nilinyamaza kwa sababu uso wa Baba Furaha ulikuwa umeanza kung'aa, nami sipendi kuzima uso wa mtu. Nikajiambia atakaangia nje, na hayo mengine nitamwambia tukionana tena.

Nje ipi, mpumbavu mimi? Mji wetu nao ulikuwa vitani, chini ya amri ya kutotoka nje. Moshi uani uliita askari, na habari ya dhahabu iliita wezi. Kila mtu alipika ndani, mlango umefungwa, kitambaa kimesokomezwa chini yake. Hata mimi nilichemsha maharage yangu hivyo hivyo!

Risasi zikafunga barabara. Njia zilipofunguliwa, Mama Furaha alikuwa mlangoni pangu, kitenge amekikaza kiunoni, macho mekundu.

"Mwalimu, bwana yangu anatapika, anaharisha maji tu. Ku hospitali banasema ni kolera. Ni kolera kweli?"

"Mlikaanga mawe?"

"Tulikaanga, mu sufuria ya ugali. Iko moja tu. Vumbi nyeupe ikakamata ku kifuniko, nikapangusa."

Nilielewa palepale. Neno langu moja, na angekimbia kumwambia daktari. Nikafikiria jina langu. Nikawasikia watu wakisema mwalimu ameua. Basi nikamjibu, kwa ile sauti yangu ya upole ninayoichukia mpaka leo: "Kolera imeenea, mama. Msikilizeni daktari."

Kolera imeenea! Mwoga! Akanishukuru, na mimi nikafunga mlango!

Baba Furaha alifia kati ya wagonjwa wa kolera. Kama angepona, sijui. Nafasi hiyo nilimnyima mimi.

Nikaenda matanga kama watu wengine, na tai shingoni. Kwenye matanga yetu hutoki bila kula. Mama Furaha akaja na sufuria, akaanza kumpakulia binti yake Furaha, aliyerudishwa kutoka kwa shangazi yake, mtaa wa Kamenge. Nikaiona sufuria. Ni ile ile.

Nikaipiga teke. Ugali ukamwagika miguuni mwa wazee.

"We ni mulevi?" mzee mmoja akafoka. "Unamwaga chakula ya marehemu?"

"Msile! Ina sumu ya mawe!"

Mama Furaha akasimama na mwiko mkononi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ile siku nilikuja ku mlango yako. Ulijua?"

Nikainama kuuokota ule ugali.

"Toka, Mwalimu."

Nikatoka. Jina nililolilinda liliishia pale, kwenye ugali, mbele ya mtaa mzima. Stahili yangu! Mama Furaha aliishi, lakini kwa sumu ile miguu yake ilikufa ganzi, anatembea akishika ukuta. Nikipita, anageuza uso. Furaha amekua, na yeye haniamkii.

Ninyi mnaopenda kueleza, mnaopenda watu wawaite mwalimu, nisikieni. Anza na sumu, dhahabu itasubiri. Uzime uso wa mtu kama ni lazima uzimike. Atakuchukia, atasema unamwonea wivu.

Akuchukie, basi! Akuchukie akiwa hai!