Ukivutwa Mkono, Geuka

Siku hiyo naikumbuka mpaka viatu nilivyovaa, mwanangu. Raba nyeupe, mpya, nilizozinunua hapa hapa Guangzhou kwa ajili ya safari, na begi la mgongoni nililolipanga na kulipangua mara tatu. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Leo nimevuka arobaini, na vijana wetu wanaokuja huku kufunga mzigo wakiniuliza, "Mama, hivi mtu anaweza kuzunguka China peke yake kwa treni?" mimi hucheka kwanza, halafu nawajibu: mimi nilizunguka. Mimi, fundi cherehani wa Singida, niliyesoma darasa la jioni na mtoto mgongoni. Lakini kaa nikueleze vizuri, maana safari yenyewe ilitaka kunishinda kabla sijapanda hata behewa.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kuja kununua vitambaa kwenye soko la Zhongda. Aliyenifundisha soko alikuwa Mama Jeska, dada yetu wa Dodoma, mzoefu, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Na Kichina alinifundisha yeye.

"Mdogo wangu," aliniambia, "Kichina chote ni maneno manne. Laoban ni bosi, na kila anayeuza ni bosi. Duoshao, bei gani. Tai gui, ghali mno. Na bu yao, sitaki. Ukishayajua hayo wewe ni Mchina, bado pasipoti tu."

"Na wakinivuta mkono?"

"Watakuvuta. Usigeuke! Ukigeuka umenunua. Sema bu yao, tembea."

Simsemi vibaya Mama Jeska, Mungu ampe maisha marefu. Zhongda ile ya kuvutwa huku na kule, ushauri wake uliniokoa mara nyingi. Tatizo ni kwamba ulimi ukishazoea soko, unalibeba soko kila unakokwenda.

Basi, msimu ule mzigo wetu ukachelewa kupakiwa. Nikawa na siku kumi za kukaa hotelini kuangalia dari. Nikajiuliza, hivi nchi hii yote nitaijua kwa maduka tu? Nikakata tiketi ya kwenda Guilin, kwenye ile milima niliyoiona kwenye kalenda ya mwenye hoteli. Mama Jeska alishika kiuno.

"Kutalii? Wewe? Nani kakuroga?"

"Mwenda bure si mkaa bure, dada."

"Huenda akaokota! Haya, kaokote. Ukipotea mimi sikujui."

Asubuhi ile nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia Mungu, Baba, leo sina Mama Jeska, naomba mtu wa kunishika mkono njiani. Nikasema amina, nikatoka.

Stesheni ya treni ya Kusini, kama hujafika, ni kubwa mpaka unajisikia mdogo kama sisimizi kwenye ukumbi wa harusi. Mlangoni wakaangalia tiketi na pasipoti, kisha mizigo yote inapita kwenye mashine ya ukaguzi. Nikavua begi, nikavua na kile kipochi cha shingoni nilichowekea pasipoti, nikaviweka. Upande wa pili nikanyakua begi, macho yangu yako kwenye ubao wa treni, nikaanza kutembea mbio.

Hatua kama ishirini, mtu akanivuta mkono wa blauzi. "Bu yao," nikasema, nikaenda. Akanivuta tena, anaongea kwa haraka, sauti ya kizee. Nikajua tu huyu anauza kitu. Nikajikung'uta. "Bu yao! Tai gui!" Kwa sauti, mwanangu, watu wakageuka wote isipokuwa mimi. Nikapanda ngazi. Moyoni najisifu, unaona, tayari najiweza.

Kwenye lango la treni dada wa ukaguzi akaitazama tiketi, akanyoosha mkono kutaka pasipoti. Nikapeleka mkono shingoni. Shingo tupu.

Kipochi nimekiacha kwenye mashine. Viza iko mle. Bila pasipoti hakuna treni, hakuna hoteli itakayokupokea, hakuna ndege ya kurudi nyumbani, na binti yangu wa miaka sita alikuwa kwa bibi yake Singida anahesabu siku. Nilishuka zile ngazi mbili mbili. Treni yangu ikaondoka, wala sikuiangalia.

Kando ya ile mashine kulikuwa na viti. Kiti cha mwisho kilikaliwa na mama mzee wa Kichina, mfupi, kikapu miguuni, na kipochi changu kimelala mapajani, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Kumbe ndiye niliyemkung'uta. Nilipomshinda mbio alirudi pale pale, kwa akili ya utu uzima: aliyepoteza kitu hurudi alipokiacha.

Wazee wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilikuwa nimejikwaa mpaka kucha. Niliomba mtu wa kunishika mkono. Kanishika, nami nimempigia kelele kwamba ni ghali.

Nikapiga goti, nikanyoosha mikono. Yule mama akakitoa kipochi, halafu akakivuta kifuani kwake. Akaniuliza, jicho moja linacheka:

"Yao bu yao?"

Unataka, hutaki? Wauza vitambaa walikuwa wananiuliza hivyo kila siku.

"Yao! Yao, laoban!"

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka miwili China sijawahi kutamka "nataka". Sokoni ukisema unataka, bei inapanda. Yule mama akacheka hadi akashika mbavu. Akajigusa kifua: si laoban. "Ayi," akasema. Shangazi. Kisha akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwake, akasema maneno marefu ambayo hata leo sijui tafsiri yake. Lakini marehemu mama yangu alikuwa akinishika kidevu hivyo hivyo, na hakuwahi kunishika kidevu kunisifia.

Alinionyesha tiketi yake. Treni ile ile yangu. Naye ilimwacha, kwa sababu yangu! Akanishika mkono mpaka kwenye dirisha la kubadilishia tiketi, tukapanda inayofuata. Aliteremka Hezhou na kikapu chake. Kuanzia hapo nikawa peke yangu kweli.

Na nilizunguka, mwanangu! Nilifika Guilin, nikaiona milima imesimama mmoja mmoja kama watu wanaosubiri kubatizwa. Nikaenda Guiyang, nikala tambi za pilipili machozi yakinitoka. Nikaenda Kunming, nikaingia soko la maua bila kuuliza bei. Siku tisa, begi moja. Kila niliyemwita Ayi alisogea nikae, na mmoja alinimenyea chungwa kabisa. Niliporudi, Mama Jeska akanikagua kichwa hadi raba.

"Mzima? Umeokota nini?"

"Neno moja, dada. Ayi."

"Neno haliuzwi Kariakoo."

"Ndiyo uzuri wake."

Kwa hiyo, mwanangu, wa kike au wa kiume, nenda. Usisubiri mwenzio, wala usidanganywe kwamba safari ni ya waliosoma sana. Pasipoti iweke mfuko wa ndani, na kabla hujatoka mashineni jipapase. Ila kubwa ninalokuachia ni hili: ukifika nchi ya watu, kabla ya kujifunza bei, jifunze wanavyomwita shangazi na wanavyomwita babu. Kukataa ni haki yako, na wengine watakaokuvuta ni wa kukataliwa kweli. Lakini mtazame mtu usoni kwanza, ndipo ukatae.

Mungu akutangulie kwenye kila lango la treni. Akupe watu wa kukuvuta mkono, na wewe akupe shingo nyepesi ya kugeuka. Uende na mema, urudi na mengi zaidi. Amina.