Wiki Tatu za Draya

Juzi nilikuwa Chalinze, nimesimama kando ya barabara nikichagua mananasi, lori lililoegeshwa nyuma yangu likapumua. Pshii. Madereva wanaujua mlio huo. Watu wengine hata hawausikii. Mimi mkono ulibaki juu ya nanasi, muuzaji akanitazama kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. Nilikuwa nimerudi Bagamoyo, nina miaka kumi, nimekaa kwenye kiti cha dereva miguu haigusi chini, na baba yangu amelala chali uvunguni mwa gari akiniambia nisikilize.

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana nikianzia hapo hamtanielewa.

Baba alikuwa na duka la misumari, rangi, makufuli na mabomba, aliloachiwa na babu, na sisi tulikaa vyumba vya nyuma. Ndugu zetu wengi walikuwa wameshahamia Dar es Salaam au ng'ambo, kwa hiyo nyumba ilikuwa kubwa kuliko sisi. Baba alikuwa mpole, hana maneno mengi. Mama alizoea kusema, "Baba yako anaongea na misumari kuliko na mimi," na zamani alikuwa akisema hivyo huku anacheka.

Mwaka ule Mama alijifungua mtoto wa kiume. Tulikaa naye siku tisa. Siku ya tisa, alasiri, Baba alitoka naye mlangoni amempakata ndani ya nguo nyeupe, wanaume wa mtaa wakimfuata nyuma kuelekea makaburini. Waliporudi, Baba alifungua duka. Siku zilizofuata Mama alikaa kitandani mlango ukiwa wazi, akimsubiri aingie aseme chochote, na Baba akapita na ngazi, akapita na ndoo ya rangi, akapita tena na ngazi ile ile. Mimi nilijifunza kutembea ndani bila kishindo.

Miezi miwili baadaye Baba alinunua gari. Lilikuwa la wazee wawili wageni waliokuja nalo kutoka mbali. Mzee akaugua, wakarudi kwao kwa ndege, likabaki uani kwa mtu kule Mbegani, kuku wakitaga chini yake. Lilikuwa na umbo la basi, la dizeli, la zamani, lakini ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi na mapazia ya maua ya manjano. Lilivutwa na trekta hadi nyuma ya nyumba yetu. Watoto wa mtaa waliliita nyumba yenye usukani. Baba alimwambia Mama kwamba tutasafiri, sisi watatu. Mama alilitazama kupitia dirishani, kisha akarudi kukunja nguo.

Wiki ile ile alipanda basi kwenda Tanga kwa kaka yake. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule. Niliambiwa amekwenda kupumzika, lakini alichukua masanduku mawili, na hata kwa akili za miaka kumi nilijua kwamba mtu anayekwenda kupumzika hahitaji masanduku mawili.

Nyumba ikanyamaza. Nilikuwa nikitoka shule nasikia friji ikinguruma tangu mlangoni. Baba alipika kichri, mchele na choroko ndani ya sufuria moja, kila jioni, leo chumvi imezidi, kesho haimo kabisa, tukala tumetazamana. Sikuwa na wa kumwambia kwamba namtaka mama yangu, kwa sababu niliogopa kwamba nikilisema hilo, Baba atainuka na ngazi yake apite.

Jioni moja akasema mwenyewe, "Tutamfuata mama yako. Gari likipona tu."

Ugonjwa wa gari ulikuwa breki. Breki za upepo, kama za malori. Injini inajaza upepo kwenye mitungi, na upepo huo ndio unaoachia breki za nyuma. Ukipungua, breki zinajifunga zenyewe na gari halisogei hata hatua. Lakini upepo wa pwani umejaa maji, na maji yakiingia mitungini yanaleta kutu. Ndiyo maana kabla ya mitungi kunafungwa kopo la chuma, kubwa kama la maziwa ya unga, lenye punje za kunyonya maji. Mafundi wanaliita draya. Ikishiba inatema maji yote kwa pumzi moja. Ya kwetu ilikuwa imekufa.

Haya yote nilielezwa na Fundi Salehe, mtu wa Lugoba aliyezeeka akitengeneza malori. Alikuja kwa pikipiki, akaitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu, akaingia uvunguni na kufungua koki ya mtungi. Yakamwagika maji mekundu kama chai iliyokolea, yananuka kutu. Alipoikata draya ya zamani kwa msumeno, zile punje zilikuwa zimegeuka tope jeusi la mafuta. Akasema gari hili lilikuwa likivuta pumzi kupitia matope.

Wiki ya kwanza Baba alikwenda Ubena, ambako kulikuwa na lori lililopinduka likiuzwa vipande vipande, akarudi na draya aliyoibeba kifuani. Midomo ya mipira ya kupitisha upepo haikuingia. Wiki ya pili Salehe alileta nyingine kutoka kwa dereva anayemfahamu. Wakafunga kitambaa chekundu kwenye mpira wa kuingiza upepo na cheupe kwenye wa kutoa, ili wasichanganye, wakaikaza, wakapaka maungio povu la sabuni kuangalia kama kuna panapovuja. Hapakuvuja. Mimi nikawekwa kwenye usukani nitazame mshale wa geji ya upepo. Ukapanda, ukapanda, ukasimama, halafu chini yangu gari likapumua: pshii.

Nilidhani tutaondoka kesho yake. Nilikwishaweka nguo zangu kwenye mfuko.

Lakini Baba alisema mitungi ioshwe tena. Ilipooshwa, akasema abadilishe vali moja asiyoiamini. Akapiga rangi chuma kilichoshikilia draya, koti la kwanza, la pili, la tatu, chuma ambacho hakuna mtu angekiona asipolala chini. Ijumaa ya wiki ya tatu, baada ya sala, Fundi Salehe alikuja kuchukua spana zake, akamkuta bado yumo uvunguni. Akachuchumaa.

"Bwana Akbar," akasema, "gari limepona tangu wiki iliyopita. Unamngoja nani?"

Baba alitoka, akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Siku zile nilimkasirikia, nikidhani ni mtu wa kupoteza muda tu. Sasa nina umri aliokuwa nao, na naona alichokuwa akifanya. Gari likiwa bovu, Mama alikuwa hajakataa.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri kupitia Msata. Kila mteremko Baba aligusa breki, gari likatulia kama mnyama anayemjua mwenyewe, na kila mara alinigeukia kidogo kuhakikisha kwamba nimeona. Muheza tulinunua machungwa ya kumpelekea Mama. Niliyapakata njia nzima.

Mama alitoka nyumbani kwa mjomba na unga mikononi. Alinikumbatia akaniachia alama nyeupe mgongoni. Kisha akapanda garini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akashika pazia la maua ya manjano akaliachia. Baba alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mama akamuuliza taratibu, bila hasira yoyote:

"Umekuja kunichukua, au umekuja kunionyesha gari?"

Baba akafumbua mdomo. Niliona kwamba alitaka kusema. Nilimwona kabisa.

"Draya ilikuwa imejaa mafuta," akasema.

Akaeleza yote. Maji mekundu, midomo ya mipira, lori la Ubena, vali. Mama alimsikiliza hadi mwisho, mikono imelala mapajani, wala hakumkatiza. Alipomaliza, Mama akasema, "Umelitengeneza vizuri." Kisha akatuambia twende ndani tukale.

Nililala kwa Mama, Baba akalala garini. Asubuhi Mama alinisuka nywele, akazikaza kuliko kawaida yake, akatusindikiza mpaka getini. Kesho yake ilikuwa shule.

Tulipita Muheza, tukapita Segera. Karibu na Kabuku Baba aliegesha pembeni, akazima injini. Kulikuwa na joto, chuma kikilia tik, tik kinapopoa, na pande zote mashamba ya mkonge hayana mtu. Hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili kama bado anaendesha.

"Imrani," akasema. "Tulimpa jina Imrani. Nilimwosha mwenyewe. Alikuwa na nywele nyingi sana."

Sikuwahi kuuona uso wake vile. Nilikuwa na miaka kumi, sikujua uso kama ule unafanywaje. Nikasema, "Baba, nina njaa."

Akaitikia kwa kichwa, kama vile nimemkumbusha jambo la maana. Akaninunulia mahindi ya kuchemsha, akangoja niyamalize ndipo akawasha gari. Hakulitaja tena.

Mama hakurudi. Mwaka ulipokwisha nikahamia Tanga kwake, na likizo nikawa nakwenda kwa Baba. Gari halikusafiri tena. Likawa stoo ya makopo ya rangi. Hawakuachana kwa talaka, kwa hiyo Baba alipofariki mwaka jana, Mama alikuja Bagamoyo kukaa eda katika nyumba ile ile aliyoiacha. Miezi minne na siku kumi, mimi nikiwa naye.

Asubuhi moja tulikuwa tunachambua mchele, nikamsimulia safari ile ya kurudi. Nilisimulia kama kichekesho, jinsi Baba alivyosimama katikati ya mashamba na mimi nikadai chakula. Nikamwambia na alichosema. Mikono ya Mama ikasimama juu ya ungo.

"Alilitaja jina?"

"Alilitaja. Akasema alikuwa na nywele nyingi."

Akauweka ungo chini. Halafu akasema, "Miaka yote hii nilidhani hakumtazama."

Ndipo nilipoelewa. Baba hakuwa akisema na mimi pale Kabuku. Alikuwa amelipata neno aliloshindwa kulisema Tanga, amelipata saa mbili baada ya kuagana, na wa kulipokea aliyekuwepo ni mtoto mwenye njaa. Laiti ningelifikisha wiki ile, au hata likizo iliyofuata. Nilikaa nalo miaka ishirini na mbili, sijui kwamba si langu.

Mama akaniomba nirudie, pole pole, kama alivyolitamka Baba. Nikarudia.