Doa la Mchuzi Kwenye Kiti cha Mbele

Iko siku moja ya Idi, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu asisikie nikisema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, naishi Temeke na mama yangu, na nilikuwa na gari lililopendeza kuliko lolote mtaani kwetu. Siku hiyo nilimwaibisha mama mbele ya watu kwa ajili ya gari hilo.

Nakusimulia leo, wewe mtoto wa rafiki yangu ninayekuita mwanangu, kwa sababu ya Jumapili iliyopita, nilipokuja kwako Goba ukaniomba nivue viatu kabla sijapanda gari lako. Nilivua, wala sikukasirika. Ni gari la zamani ulilolifufua kwa mikono yako mwenyewe, na limependeza, mashallah. Lakini nilipogeuka nikamwona mama yako kiti cha nyuma, amekalia nailoni, anatoka jasho, nikajiona mimi mwenyewe miaka ile.

Gari langu lilikuwa la marehemu baba. La Kifaransa, refu, na lilipowaka lilikohoa mara mbili kabla ya kutulia. Baba alikuwa na duka la vyakula, kwa hiyo lilibeba magunia ya mchele, lilibeba wagonjwa, maharusi, hata mbuzi. Na kila Idi lilimpeleka mama Gongo la Mboto kwa dada yake, Mama mkubwa Zuhura, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na hatoki nje. Mama alikuwa anapika kwetu, anabeba sinia, wanakwenda kula pamoja huko. Hiyo ndiyo ilikuwa Idi yao.

Baba alipofariki, gari likakaa juu ya mawe uani. Nikasema nitalifufua. Ilinichukua miaka mitatu, mwanangu, na mama ndiye aliyeilipia kwa subira. Sufuria yake ya maharage niliichukua nikalowekea nati kwenye mafuta ya taa. Kanga zake mbili zikawa matambara ya kufutia grisi. Alilalamika, lakini kwa mdomo tu. Kila Idi ikikaribia ananiuliza, "Bado?" Nami namjibu, "Idi ijayo, Mama, nakupeleka kwa dada yako kwa gari la baba." Akawa anaisubiri Idi ijayo.

Mwaka wa tatu likakamilika. Nililipiga rangi ya kijani iliyokoza, bampa zikang'aa, na Mzee Athumani, fundi wa viti aliyekuwa na kibanda jirani na kwetu, akavishona viti upya kwa ngozi ya rangi ya maziwa. Basi nikaanza wazimu. Asubuhi nalifunua turubai, nalifuta, naliwasha pale pale dakika tano, nalifunika tena. Barabarani sijalipeleka hata siku moja, naogopa vumbi. Majirani wakasema mimi, Nassoro, nimeoa.

Idi ikafika. Mama akatoka ndani na buibui jipya, mikononi ana sinia limefunikwa kawa: pilau, na katikati bakuli la mchuzi wa nyama. Harufu yake ilijaa ua mzima. Mimi nilikuwa nimeshatandika nailoni kwenye kiti.

"Mama," nikamwambia, "hilo sinia halitaingia humu. Mchuzi ukimwagika hautoki. Na viatu uvue, nitakuwekea kwenye buti la nyuma."

Akanitazama. "Kwa hiyo mie niingie, chakula cha dada yangu kibaki?"

"Tutamnunulia kingine huko huko."

Watu walikuwa wanapita wanapeana mkono wa Idi, wakasimama. Mama hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Haya, Nassoro. Baki na gari lako," akavuka barabara na sinia lake. Upande wa pili alikuwepo Daudi, kijana Mkristo aliyekuwa anauza mkaa, anashusha magunia kwenye pikapu yake kuukuu. Daudi alimwamkia, akamsikiliza, kisha akavua shati lake mwenyewe akafutia kiti cha mbele.

"Karibu Mama, ila utachafuka kidogo."

"Masizi yanafulika," mama akamjibu, kwa sauti ya kunifikia mimi.

Wakaondoka. Nikabaki nimeshika ufunguo, mtaa mzima unanitazama. Ile aibu, mwanangu, mpaka leo ikinijia nikiwa peke yangu huwa najifuta uso.

Mzee Athumani alikuwa amesimama mlangoni kwetu, amekuja kutoa salamu za Idi, na ameyaona yote. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilichelewa.

"Vile viti vya zamani nilipovichana," akasema, "unajua mlikuwa na nini? Punje za mchele. Kokwa za tende. Hiliki. Na soksi yako moja ya utotoni. Baba yako hakuwahi kuniletea kiti akalalamika kuwa mtu kakichafua. Alikuwa anasema nishone palipochanika, basi." Akaligusa gari ubavuni kwa vidole viwili. "Yeye alikuwa na gari. Wewe una kabati la vyombo vya wageni."

Nikaitoa ile nailoni, nikaingia, nikawasha. Likawaka vizuri, lakini halikwenda. Breki za nyuma zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kukaa bila kutembea. Nililifuta kila siku, na halikuweza kutoka uani! Mzee Athumani akavua kanzu yake ya Idi, akabaki na fulana na msuli, akachukua nyundo, akagonga gonga gurudumu moja mpaka jingine huku akicheka. Vijana wa jirani wakasukuma. Likachomoka kwa mlio wa kutisha.

Nilifika Gongo la Mboto nimelowa jasho. Mama na Mama mkubwa walikuwa wamekaa mkekani, mikono kwenye sinia, na buibui la mama lina masizi mgongoni. Hakuinuka.

"Umekuja na nini?"

"Na gari, Mama. Nisamehe."

"Nani kakwambia tunataka gari? Kanawe mikono uje ule."

Nikala. Sijawahi kula pilau tamu kama ile. Tulipomaliza, Mama mkubwa akasema kwa aibu kidogo kwamba angependa kuzungushwa, hata mpaka relini tu na kurudi, maana amechoka kuutazama ukuta. Tukambeba, tukamweka nyuma, akanyoosha miguu yake kwenye kiti chote. Mama akakaa mbele, amepakata bakuli la mchuzi uliobaki, kwa sababu nyumbani hakubaki mtu wa kulilinda na paka.

Karibu na reli nikaingia shimoni. Bakuli likapinduka. Mchuzi wote, na manjano yake na mafuta yake, ukamwagikia kiti cheupe.

Mama akageuka akanitazama usoni, anasubiri. Na mimi, mwanangu, namshukuru Mungu mpaka leo kwa neno lililonitoka kwanza.

"Umeungua, Mama?"

"Ulikuwa umepoa," akasema. Kisha akaanza kucheka, na Mama mkubwa nyuma akadakia, wakacheka mpaka machozi. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mgeni aliyekuja nyumbani alisimuliwa habari ya "Umeungua, Mama?" Ile habari ya pikapu ya mkaa hakumsimulia mtu.

Sasa nikwambie nilichokuja nacho. Lipende gari lako, hilo silikatazi. Angalia maji na oili kila asubuhi, na kutu ukiiona ishughulikie siku hiyo hiyo. Lakini lote hilo ni kwa ajili ya watu watakaopanda. Litembeze kila wiki, maana breki, mipira na tangi vinaharibika kwa kukaa kuliko kwa safari. Mama yako amekuambia mara ngapi anataka kwenda Wazo kumwona rafiki yake? Mpeleke. Toa ile nailoni, na akitaka kubeba dagaa, abebe dagaa.

Mungu akupe mikono isiyochoka, akuhifadhi barabarani, na gari lako lijae watu mpaka uzeeni. Jumapili nakuja na langu, na safari hii viatu sivui. Njoo ulitazame kiti cha mbele. Mzee Athumani alijitolea kukishona upya bure, nikamkatalia, na doa bado lipo pale alipokaa mama.