Timu yetu iliamua kulipa luxury tax, ila aliyeilipa ni mama mdogo wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji. Nimeishia darasa la saba na kuandika kwangu ni taratibu, kwa hiyo uzi huu nimeuandika kwa wiki nzima, nusu saa nusu saa, kwenye internet cafe moja hapa Kings Heath, Birmingham. Sijaongeza chumvi. Wenzangu wawili waliokuwepo wamo humu humu, nikipotosha watanisahihisha.

Kilichonitoa mafichoni ni ule ugomvi wa jukwaa la michezo. Watu wanatukanana kurasa na kurasa kuhusu ile timu ya kikapu ya Marekani, kama tajiri wake alipe luxury tax au asilipe.

Kwa wasiofuatilia kikapu: kule timu zimewekewa mstari wa mishahara. Ukiuvuka unalipa kodi, na timu zilizojibana zinafaidika. Kwa hiyo tajiri ana mawili. Alipe abaki na kikosi chake, au amwache mchezaji mmoja aende ili ashuke chini ya mstari.

Hapo kwenye kumwacha mchezaji mmoja, pashikeni. Nitaparudia.

Sasa wakuu, mimi hiyo kodi naijua. Siyo ya kusoma gazetini. Nimeibeba mikononi, ya moto, nikapanda nayo basi mbili.

Naishi na mama mdogo wangu, tunamwita Mamdogo Zaituni. Mama yangu yuko Tanga. Mamdogo anasafisha maofisi mjini siku sita za wiki, Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika. Mimi nipo kwenye karakana ya kung'arisha vyuma kule Hockley. Mashine zinapiga kelele kutwa, huhitaji kuongea na mtu, na kusema kweli hilo ndilo lililonipendeza.

Mimi ni mtu wa aibu. Miezi yangu ya kwanza huku nilikuwa natoka kazini, nakula, nalala. Jumapili nilikuwa nakaa tu.

Mamdogo ndiye aliyenisukuma niende kwenye timu. Wabongo, Wakenya na Wakongo wana ligi yao ndogo ya kikapu, timu nne, kila Jumapili mchana kwenye ukumbi mmoja kule Aston. Mimi ni mrefu, ila mpira sijui. Nahodha wetu, kaka Mustafa, mtu wa Dar, alinitazama kutoka chini mpaka juu akasema, "Huyu hata akisimama tu anafaa."

Basi nikawa nasimama. Dakika nne, tano kwa mechi, zilizobaki benchi.

Ligi yetu ina sheria moja ambayo sidhani ipo mahali pengine. Kila mchezaji anapewa nyota, kuanzia moja mpaka nne, kulingana na uwezo wake. Timu ikijumlisha, isizidi nyota ishirini. Hii ni ili watu wasikusanye mafundi wote upande mmoja.

Ukizidisha, unalipa kodi ya anasa. Na kodi hailipwi kwa hela, maana mwaka wa kwanza hela zilileta ugomvi hadi watu wakanyimana salamu. Inalipwa kwa pilau. Kwa kila nyota iliyozidi, sufuria kubwa moja kila Jumapili, inayoliwa na timu zote nne baada ya mechi.

Katibu wa ligi ni Mkongo anaitwa Trésor. Ana daftari la jalada jeusi na kila kitu anaandika. Ukimlalamikia anakujibu, "Miye naandika tu. Sheria ni sheria, bon."

Sasa kaka Mustafa ana ugonjwa wa ile timu ya Marekani. Tajiri wake alikataa kulipa luxury tax, akamwacha aende mzee mmoja wa benchi aliyependwa na kila mtu. Mustafa alilichukua kama msiba wa nyumbani. Kila Jumapili chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa mahakama.

"Mtu ana ndege yake! Ndege! Anashindwa kulipa kodi amlinde mchezaji wake?"

Abdi, mfungaji wetu, Msomali aliyekulia Nairobi, alikuwa anamchokoza makusudi. "Bro, hiyo ni business. Huyo mzee hata kuruka haruki. Mimi ningemuuza jana."

"Wewe huna roho!"

"Niko na roho, na niko na calculator."

Jumapili ya kwanza nilicheka. Jumapili ya sita nilikuwa nafunga kamba za viatu mara tatu tatu ili nisiinue macho nikaulizwa msimamo wangu.

Halafu ikatufikia na sisi.

Abdi alianza kufunga kama mwendawazimu, na Trésor akaja na daftari. Nyota za Abdi zimepanda kutoka tatu kuwa nne. Timu yetu ilikuwa ishirini kamili. Sasa ishirini na moja.

"Mutalipa ao hamutalipa?" Trésor akauliza, kalamu juu.

Mustafa akapanda juu ya benchi. Wakuu, alipanda kabisa. "Tunalipa! Sisi siyo kama yule tajiri. Timu hii haimwachi mtu!"

Makofi. Miluzi. Na mimi nilipiga makofi.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani anapika.

Jumapili iliyofuata niliamka nikakuta Mamdogo ameshamenya vitunguu vya kujaza beseni. Mchele na nyama viko mezani, vimenunuliwa kwa mchango wa wachezaji, vimeletwa na Mustafa jana yake.

"Mustafa kanipigia," akasema. "Leo nawapikia vijana."

Alikuwa anatabasamu, nikaona sawa, ni mara moja.

Haikuwa mara moja.

Jumapili ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mustafa alisema kutakuwa na zamu. Zamu ya Abdi ilipofika, Abdi alileta soda. Wa zamu iliyofuata akasema mke wake yuko kazini. Mwingine akaniambia, bila aibu, "Lakini pilau ya mamdogo wako hakuna anayeifikia, bwana," akadhani amenisifu.

Na ile sufuria, nani anaipeleka Aston? Mustafa ana gari, lakini gari linazunguka kuchukua wachezaji. Kwa hiyo ni mimi. Sufuria imefungwa kanga mbili na blanketi, nimeipakata kama mgonjwa, basi ya kwanza mpaka mjini, ya pili mpaka Aston. Harufu ya bizari basi zima. Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa ananiuliza kila wiki ndani kuna nini, kila wiki namjibu "rice", na wiki inayofuata anauliza tena.

Nikifika naitua mlangoni. Halafu ndiyo nikacheze.

Kilichonichoma zaidi ni ukumbini. Watu walianza kuzoea. Jumapili ya tano mtu wa timu nyingine, aliyekuwa anakula bure, akachungulia sahani yake akasema, "Leo nyama imepungua." Na Trésor, naapa, akafungua daftari akaandika: nyama, pungufu.

Nilirudi nyumbani na sufuria tupu nikamkuta Mamdogo kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Imevimba. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri anatoka kwenda kusafisha maofisi.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Wamesema tamu sana."

Nikaingia chumbani. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanaungua, na nusu yake nilikuwa najikasirikia mwenyewe, kwa kuwa nimekaa kimya wiki tano.

Ilinichukua wiki nyingine mbili kumfuata Mustafa. Nilimvizia akiwa peke yake kwenye gari nje ya ukumbi. Maneno nilikuwa nimeyakariri.

"Kaka Mustafa, naomba tusilipe tena hii kodi. Tushuke chini ya mstari kama wengine."

Akafungua mlango wa gari.

"Unajua tukishuka inakuwaje?" akasema. "Tumezidi nyota moja. Lazima atoke mtu wa nyota moja. Timu nzima, mwenye nyota moja ni nani?"

Wakuu, mimi hesabu nazijua. Nyota zangu nilikuwa nazijua. Lakini sikuwahi kuziweka hizo mbili pamoja.

Ni mimi. Mzee wa benchi ni mimi.

"Na Mamdogo anajua?"

"Nilimpigia siku ile ile nimwambie tutakupumzisha mpaka mwisho wa msimu. Nilishuka kwenye benchi nikaona, mdogo wangu, kupiga makofi ni rahisi, kupika ndiyo kazi. Mamdogo wako akaniambia nikae kimya, atapika yeye. Akasema kabla ya kuja kwenye timu ulikuwa unaongea na friji tu."

Yaani kila mtu alijua. Abdi alijua. Trésor alikuwa nayo kwenye daftari. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nabeba sufuria bila kujua kuwa nimejibeba mwenyewe. Bei yangu: sufuria moja kwa wiki.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Mamdogo naacha timu.

Alinijia juu! "Nani kakwambia nimechoka?" Miguu ipo kwenye beseni. "Uache, halafu Jumapili nifanye nini mie, nikuangalie unavyoangalia ukuta?"

"Mamdogo, miguu yako..."

"Miguu ni yangu. Nipe taulo."

Sasa niambieni, unafanya nini hapo? Nikiacha namvunja moyo. Nikiendelea namvunja miguu.

Jumapili iliyofuata chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kile kile. Sufuria iko mlangoni, bado ya moto. Na Mustafa, baada ya yote aliyoniambia, amesimama anamshambulia yule tajiri wa Marekani upya kabisa. Hana utu. Hajui maana ya timu.

Nikasimama. Sikupanga. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi Abdi awaambie wengine wanyamaze.

Nikasema, "Kaka Mustafa, yule tajiri unayemtukana, angalau hajamtuma mama mdogo wa mchezaji wake akamlipie."

Nikaendelea maana nilijua nikikaa sitasimama tena. Nikasema kama timu inataka kunibakiza, nashukuru. Ilipe. Lakini ilipe timu. Jumapili ijayo sufuria iko kwetu, jiko liko kwetu, mje wenyewe saa mbili asubuhi. Na aliyetuvusha mstari ni Abdi na nyota zake nne, kwa hiyo vitunguu ni vyake. Kama hamji, nifuteni kwenye daftari leo leo.

Aliyeanza kucheka ni Abdi. Siyo kwa dharau. "Manze huyu jamaa anaongea!" akasema. "Wiki zote hizi nilidhani ni bubu!" Halafu akaacha kucheka akasema, "Niko ndani. Vitunguu nitakata."

Mustafa alijishughulisha na zipu ya begi lake muda mrefu. Mwisho akasema, "Saa mbili."

Wakaja, wakuu. Siyo wote, ila saba walikuja. Wanaume saba warefu kwenye jiko ambalo Mamdogo akiwa peke yake limejaa. Yeye tulimkalisha sebuleni tukafunga mlango. Alikuwa anapiga kelele kutoka kule, "Nasikia harufu ya kuungua! Nani kaachia moto?"

Abdi alilia machozi ya kweli. "Hii si kitunguu, hii ni tear gas." Mustafa alimwaga maji kwa kukisia, akasema kwao wanapika hivyo. Wakagombana iliki ngapi, zabibu ziwemo au zisiwemo. Masaa matatu mazima.

Ile kitu ilikuwa imeungua chini, mbichi juu, na katikati ni uji. Tuliipeleka hivyo hivyo, safari hii kwa gari la Mustafa, na Mamdogo amekaa mbele. Hakuwa amewahi kufika ukumbini hata siku moja, kila Jumapili alikuwa ananyoosha miguu.

Watu wakala. Hakuna aliyethubutu kusema kitu kuhusu nyama, maana Abdi alisimama pale na macho mekundu anawaangalia mmoja mmoja. Trésor akaonja, akatafuna sana, akaandika: kodi imelipwa, muchele unalia kwenye meno.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mechi. Nikaingizwa dakika zangu nne. Nikadaka mpira mmoja, nikarusha, haukugusa hata chuma. Nikamkanyaga mwenzangu. Nikatolewa.

Nikaenda kukaa karibu na Mamdogo, natweta. Akanitazama. Akautazama uwanja. Akanitazama tena.

"Ndiyo hii?" akasema. "Hii ndiyo niliyokuwa naipikia?"

Tulicheka mpaka Trésor akatufuata kutunyamazisha.

Zamu ya kupika ilishika mpaka mwisho wa msimu. Pilau ya Abdi siku hizi inalika. Na kwa kodi yote ile, wakuu, tulimaliza wa tatu katika timu nne.

Kwa hiyo kwenye ule ugomvi wenu msimamo wangu ni huu: timu ilipe. Mtu wa mwisho kwenye benchi naye ana kwao, na huenda ile Jumapili ndiyo kitu pekee alichonacho. Ila anayepaza sauti kwamba tulipe, kwanza mikono yake ianze kunuka vitunguu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi, kwa hiyo najisema na mimi.

Karibuni mseme. Hasa nyie wa "tulipe, tulipe" kule jukwaa la michezo: kwenye timu yenu, jikoni yupo nani?