Fomu ya Mwanaidi

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Umeniambia umepewa kazi ya kuwashauri wanafunzi, nawe umefurahi. Basi kaa hapa nikwambie aibu yangu.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari hapa Lushoto. Mkuu wa shule akanikabidhi kazi hiyo hiyo yako: kuwaongoza kidato cha nne kujaza fomu za kuchagua masomo ya mbele. Nilivimba kichwa! Nikaweka meza, nikavaa tai, nikawa nawaita mmoja mmoja. Kila mwanafunzi dakika tano, na nne nilizungumza mimi.

Akaingia Mwanaidi, binti wa kijiji cha Mponde. Kwa hesabu na fizikia alikuwa akiwashinda wavulana wote.

"Wewe utakwenda kidato cha tano, sayansi," nikamwambia. "Utakuwa injinia. Sawa?"

Akatazama chini. "Ndiyo, mwalimu."

"Chuo cha uuguzi tusikiandike kabisa, utapoteza kipaji chako."

Akashikashika ncha ya sweta yake. "Ndiyo, mwalimu."

Nikaijaza fomu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri. Yeye alitia sahihi tu.

Majina yalipotoka, alikuwa amechaguliwa kwenda Iringa. Nilitamba ofisini wiki nzima. Kisha ikaja barua: mwanafunzi hakuripoti, nafasi yake kapewa mwingine. Nikakasirika, nikashika njia kwenda Mponde kumkaripia. Mimi huyo, mjinga wa kutupwa.

Nilimkuta mama yake amekaa mlangoni, mjane, miguu imepooza, na watoto watatu wadogo wanamzunguka. Mwanaidi alikuwa shambani akichuma chai. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba binti alitaka uuguzi tangu zamani. Chuo kilikuwa karibu. Kila Jumamosi angerudi kumwogesha mama na kuwafulia wadogo zake. Kutoka Iringa angerudi vipi?

"Lakini alikubali, mama! Alisema ndiyo."

Yule mama akanitazama. "Mwalimu, kwani wewe si Mshambaa? Mtoto wetu amwambie mkubwa hapana, usoni? Alikuitikia kwa adabu tuliyomfundisha. Wewe ukaichukua adabu yake ukajazia fomu."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maana nilijua, mwanangu. Nimelelewa Vuga, huku huku Usambara, nami baba yangu nilimwitikia ndiyo hata kwa mambo niliyoyachukia. Nilijua, ila sikutaka kusikia, kwa kuwa nilitaka sifa ya kumtoa injinia wa kike. Mimi na mkuu wa shule tuliandika barua chuo cha uuguzi. Wakajibu kuwa nafasi zimejaa. Mwaka uliofuata tukaandika tena, tukaambiwa aliyeacha nafasi ya kwanza hapewi nyingine. Mwanaidi akabaki na kikapu chake cha chai.

Ile meza niliiacha. Siku za shamba la shule nikawa nachukua jembe, nakaa mstari mmoja na mwanafunzi, tunapalilia kabichi. Mkiwa mmeinama wote wawili, hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na mtoto husema. Utasikia habari za mama, za mdogo wake, za hofu yake ya Kiingereza. Huko ndiko nilikojifunza kazi hii, tena nimechelewa.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Mwanaidi njiani Mponde, kikapu mgongoni, mtu mzima sasa. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba nikitazama chini.

"Mwanaidi, nisamehe," nikasema. "Kwani ulitaka kuwa muuguzi wa namna gani?"

Akacheka, bila ubaya wowote. "Mkunga, mwalimu. Lakini leo ndiyo unaniuliza?"

Basi, mwanangu, uliza kwanza, ndipo ushauri. Ukijibiwa ndiyo upesi upesi, usiandike chochote. Uliza tena kesho, mkiwa na kazi mikononi. Jua ni nani anayemngoja mwanafunzi nyumbani. Alama zake zitakuonyesha anachoweza, anachotaka utakisikia kwake tu. Na kalamu ashike mwenyewe.

Mungu akupe subira ya kusikiliza. Na wanafunzi wako watakapokuamkia uzeeni, akujalie uwaitikie marahaba ukiwatazama usoni.