Ubao Wangu wa Simsim

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kiwanda cha sukari, Msimamizi wa Karakana alinipa msasa na kunionyesha rundo la milango. Hakuniuliza hata jina. Nilikuwa mwanamke wa pekee mle ndani, na mafundi walisema ningetoroka kabla ya Ijumaa. Sikutoroka. Miwa ilikuwa imeleta neema wakati huo, na nyumba za wafanyakazi zilijengwa haraka kuliko tulivyoweza kuranda mbao.

Kazi yangu ikawa umaliziaji, yaani kulainisha mbao na kuzipaka kitu cha kuzilinda. Milango tuliipiga vanishi, ambayo hukauka juu ya mbao kama ngozi. Kisha tukaagizwa kaunta ya jikoni ya mbao ngumu ya mvule kwa nyumba ya Afisa wa Nyumba. Nikajiona mwerevu: jikoni ni mahali pa chakula, basi nipake mafuta yanayoliwa. Nilichukua mafuta ya simsim, yaani ufuta, aliyokamua mama yangu, nikapaka mpaka mvule ukang'aa.

Majuma machache baadaye mke wa Afisa alifika karakanani mwenyewe.

"Nani alipaka kaunta yangu? Inanata, inanuka, na sisimizi wamehamia huko na watoto wao!"

Mafundi walicheka hadi wakashikilia meza. Msimamizi hakucheka; aliniita msichana kwa Kiluhya.

"Mukhana, hapa tunapakanga vanishi. Toa hiyo uchafu upige vanishi, ama urudi nyumbani ulime."

Iliniuma sana. Kulima nilikujua, na sikutaka kurudi huko. Lakini pia sikutaka vanishi mahali pa kukatia nyama.

"Nipe wiki tatu, Mzee," nikasema. "Nikishindwa, nitaenda mwenyewe."

"Tatu. Si nne."

Kosa langu nilikuja kulielewa polepole. Kuna mafuta yanayoganda na kukauka yakipata hewa, na kuna yanayobaki majimaji mpaka yanapochacha na kunuka. Simsim ni ya aina hiyo ya pili. Katika duka la vifaa pale Kakamega mjini nikapata linsidi, mafuta ya mbegu za kitani, ya aina mbili. Yale yaliyoitwa ya kuchemshwa hukauka upesi, ila yalikuwa yametiwa dawa za kukaushia, na dawa hizo sikuzitaka karibu na chakula. Nikachukua mabichi, yanayokauka kwa kujivuta. Unapaka kidogo, unaacha yanywewe, unapangusa yote yaliyobaki juu, unangoja siku kadhaa, unarudia. Vitambaa nilivitandaza nje kimoja kimoja, maana vikirundikwa vikiwa na linsidi hupata joto vyenyewe na kuwaka moto.

Nikachukua ubao mmoja wa mvule, nikaugawa sehemu tatu: vanishi, simsim, linsidi. Kila asubuhi niliuanika juani. Wiki ya tatu nikambebea mke wa Afisa, na Msimamizi akaja nyuma yangu kushuhudia aibu yangu.

Mama yule hakuwa na huruma na ubao. Alikatia kuku kwenye kila sehemu, akapindulia sima ya moto, akamwaga chai, akasugua kwa maji. Kisha akainama.

"Hii ya vanishi imeanza kutoa maganda. Sasa hayo maganda si tutakula? Hii ya simsim, hapana, hata usinikumbushe. Hii ya tatu iko sawa."

"Na hiyo pia imekwaruzwa," Msimamizi akasema.

"Imekwaruzwa, Mzee," nikajibu. "Lakini hiyo mama atapaka tena mwenyewe na kitambaa. Vanishi ikiharibika, mtaniita nikwangue yote."

Msimamizi alipitisha kidole juu ya ubao mara mbili.

"Basi kaunta zote ni linsidi," akasema. "Na wewe ndiye utapaka."

Nilizipaka. Nilianza na ile ya Afisa, nikaikwangua mpaka mvule safi. Baadaye nilihamishiwa Shianda, kwenye jiko la wakata miwa, chini ya Msimamizi wa Kambi aliyetaka kila kitu kiwe kimekwisha jana. Hata yeye alingoja siku za linsidi kukauka, tena kwa kununa.

Sasa nimestaafu, na ule ubao wa majaribio umetundikwa jikoni kwangu. Mafundi vijana wakija kuniuliza siri ya linsidi, huwa siwaonyeshi linsidi kwanza. Nawaambia wanuse sehemu ya katikati, ile ya simsim. Wakikunja pua na kuuliza ni mjinga gani alipaka hii, nawaambia ni mimi, na kwamba niliomba wiki tatu.